Fundi hasemi uongo akiwa amekaa

Kabla sijasimulia kichekesho tulichokicheza shuleni kwetu, nianze na nyumba yangu. Nilianza kujenga Ipuli, hapa Tabora mjini, nikiwa na kiwanja kilichopimwa, tofali 9,000 za kuchoma na mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi. Ramani ilikuwa ya vyumba 3, sebule na kibaraza cha mbele. Fundi nililetewa na shemeji, ambaye alikuwa amemwona akimalizia nyumba ya jirani yake, na kazi ile ilikuwa nzuri. Tukapatana bei ya kusimamisha boma, yaani kuta tu, kuanzia msingi hadi lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, nikampa theluthi moja kama kianzio mbele ya mjumbe. Kesho yake asubuhi alifika na saidia fundi wawili, wakavuta kamba.

Wiki mbili za kwanza sina neno nazo. Msingi ulichimbwa mpaka ukafika udongo mgumu, mawe yakapangwa, dawa ya mchwa ikamwagwa. Dawa hiyo kwetu si jambo la kuruka; hatua ishirini tu kutoka kona ya kiwanja changu kilikuwa kimesimama kichuguu kirefu kunizidi. Nilikuwa nikitoka shuleni napita saiti na chupa ya chai, nakaa juu ya rundo la mchanga, naangalia kozi zikipanda. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile.

Kisha fundi akaanza kupotea. Mwanzoni nusu siku, baadaye siku mbili, baadaye wiki nzima. Siku moja nilimpigia simu saa nne asubuhi. Akapokea haraka, kwa sauti ya mtu aliye kazini: "Mwalimu, nipo hapo dukani kwenu, nachukua misumari, dakika kumi nimefika." Nyuma yake ikapigwa honi ya treni, ndefu, halafu nikasikia watu wakinadi asali chini ya madirisha ya behewa. Hapo dukani kwetu hapapiti treni. Alikuwa safarini, njia ya Kigoma, na alirudi baada ya siku tisa.

Tulianza kazi mwezi wa saba. Mvua za huku huanza Novemba, na kwa mapatano yetu boma lilitakiwa liwe limefika lenta mapema ili lipauliwe kabla ya hapo. Mvua kubwa ya kwanza ilikuta boma liko wazi. Asubuhi yake nilikwenda kuangalia, nikasimama kwenye korido, nikapitisha kidole kwenye kiungo kati ya tofali na tofali. Kidole kilizama mpaka pingili ya kwanza, kikatoka na tope. Kuta za nje zilikuwa zimejengwa kwa saruji tuliyopatana, lakini za ndani, ambako jicho langu halikufika sana, zilijengwa kwa udongo wa pale pale kiwanjani ulionyunyiziwa saruji kidogo.

Boriti ya kibaraza ilikuwa na habari yake. Zege lilimwagwa Jumatatu. Alhamisi nikakuta mirunda yote iliyokuwa inaishikilia imeondolewa, mbao za boksi zimebanduliwa, na boriti imelegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Boriti inayobeba uzito huachiwa mirunda wiki mbili hadi tatu, na zege lenyewe huhesabiwa kuwa limekomaa siku ya 28, likiwa linamwagiliwa maji. Hilo sikulijua wakati ule. Nilimuuliza saidia fundi mirunda imekwenda wapi, akaniambia bila kuficha: "Ilihitajika kwingine, mwalimu."

Hiyo kwingine nilikuja kuifahamu msibani. Nilikuwa nimekaa jikoni na kina mama wengine, tunachambua mchele, jirani yangu pale akiwa muuguzi ambaye naye anajenga. Tukazungumza habari za mafundi, maana siku hizi wanawake wawili wanaojenga hawawezi kukaa dakika tano bila kufika huko. Nikamweleza kwamba mifuko yangu ya saruji naitia alama ya kalamu nyekundu pembeni, ili nihesabu mitupu jioni. Aliacha kuchambua. "Alama gani?" Nikamwambia, herufi M na mstari chini yake. Akanyamaza kidogo, akasema kwake ipo mifuko mitatu ya namna hiyo.

Tulitoka nje pamoja, chini ya mti. Yeye akampigia, akaweka simu kwenye spika. Fundi akapokea: "Mama, samahani sana, leo nipo Ipuli kwa mwalimu mmoja, namfungia lenta, ni mkali huyo, haniachi nitoke." Mimi mwalimu mkali nilikuwa nimesimama hapo, kanga ya msibani kiunoni, nasikiliza. Siku ile hatukucheka hata kidogo. Mwenzangu machozi yalimtoka, kwa sababu nyumba ile alikuwa anamjengea mama yake.

Nimeanza na haya yote ili ieleweke kwamba tulipokuja kutengeneza kichekesho, hatukuokota kisa barabarani.

Shuleni kwetu lilikuwepo boma la darasa lililojengwa kwa nguvu za wazazi likaishia kwenye lenta. Kila anayeijua nchi hii anayajua maboma hayo. Majani yalikuwa yameota ndani mpaka usawa wa dirisha, na watoto walikuwa wanachezea humo wakati wa mapumziko. Kamati ya shule ikaamua kufanya harambee ya kupaua. Mwenzangu anayefundisha Kiswahili, aliyepitia Bagamoyo kwenye chuo cha sanaa ambacho sasa kinaitwa TaSUBa, akasema watu hawatakuja kusikiliza hotuba. Tuwape kichekesho, na kisa kiwe mtu anayejenga.

Kwa wasioijua kazi hii: kichekesho cha jukwaani chetu hakiandikwi kama tamthiliya ya kitabuni. Mnakubaliana kisa, mnakubaliana nani anaingia lini na jambo gani lazima litokee kabla hajatoka, halafu maneno yanazaliwa mbele ya watu. Ndivyo vilivyofanya vikundi vikubwa vya Dar es Salaam, Muungano na TOT (Tanzania One Theatre), ambavyo usiku mmoja vilikupa ngoma, sarakasi, taarabu na vichekesho kwa kiingilio kimoja. Jukwaani ndiko walikotoka na wakongwe kama marehemu King Majuto, aliyekuwa amekomaa jukwaani muda mrefu kabla ya watu kumjua kwenye video. Mwenzangu alituambia hivi siku ya kwanza: anayekuja na maneno aliyoyakariri atakwama mtu akikohoa. Njooni na mnachokitaka.

Tulikuwa sita. Mimi nikapewa mwenye nyumba, tukamwita Mama Subira. Kijana wa bodaboda anayeegesha nje ya shule akawa Fundi Kesho. Mama anayeuza chapati getini akawa mwenye nyumba wa pili. Tukatengeneza ukuta kwa maboksi ya katoni tuliyoyapaka udongo mwekundu, pazia likawa vitenge vinne vilivyoshonwa pamoja.

Mazoezi ya kwanza yalikuwa matamu sana machoni petu. Fundi Kesho aliingia na begi kubwa, kila Mama Subira akigeuka anatia kitu ndani: msumeno, sahani ya chai, mpaka kuku. Watoto waliokuwa wanachungulia dirishani walivunjika mbavu. Siku ya pili walicheka kidogo, na ya tatu wakaenda zao kucheza mpira. Mwenzangu wa Bagamoyo alikuwa anauma kalamu. Mimi nilikuwa nataka mambo yaongezwe, fundi aibe zaidi, aaibike zaidi, apigwe na ndoo. Nilikuwa na hasira ya mwaka mzima na nilikuwa nimepata mahali pa kuitua.

Aliyetusaidia ni mzee mmoja aliyekuja kupima boma la darasa ili kamati ijue mbao za kenchi zitakuwa ngapi. Ni fundi wa miaka mingi, aliyejifunzia kazini, na uzeeni akapata cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, kwa ule mpango wao wa kuwapima mafundi ambao hawakupita darasani. Alisimama mlangoni, futi ya chuma mkononi, akatuangalia mpaka mwisho. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," nikamkaribisha kiti. Hakukaa.

"Marahaba, mwalimu. Sasa huyo mnayemwigiza si fundi," akasema. "Huyo ni mwizi mmemvalisha nguo za fundi. Fundi hasemi uongo akiwa amekaa. Anausema huku anapanga tofali, na tofali linakaa sawa."

Akauomba mwiko kwa kijana. Akainua boksi letu la katoni kwa mkono wa kushoto kama lina uzito, akalilaza, akafumba jicho moja kupima, akaligonga mara mbili kwa mpini. "Mama, Jumamosi tunafunga lenta." Akapitisha ncha ya mwiko chini ya boksi, akakata chokaa ambacho hakikuwepo, akakitupa kwenye karai ambalo halikuwepo. "Jumamosi hii hii. We andaa nondo tu." Hakuwa ameniangalia hata mara moja. Nami nilimwamini. Nimesimama kwenye darasa la nne, mbele ya ukuta wa katoni, najua hakuna lenta wala Jumamosi, nikamwamini mtu yule kwa sababu mikono yake ilikuwa inafanya kazi vizuri.

Hapo ndipo nilipoelewa jinsi nilivyoibiwa, na hapo hapo kichekesho chetu kikapata miguu. Kijana wa bodaboda alitumia wiki nzima kujifunza kupanga tofali kwa huyo mzee, tofali za kweli, kwenye saiti ya kweli. Aliporudi jukwaani tuliondoa begi, tukaondoa kuku. Ahadi zikabaki, ila sasa zilisemwa na mtu anayejua kazi, na kadiri alivyofanya kazi vizuri ndivyo watu walivyocheka zaidi alipotazama saa na kusema anakwenda dukani mara moja.

Mzee aliendelea kuja jioni, na siku moja nilimuuliza lile lililokuwa moyoni: kwa nini mtu mwenye ujuzi kiasi kile anaishi maisha ya kujificha? Alinijibu kwa swali. "Saidia fundi analipwa lini?" Nikasema sijui, hilo lilikuwa la fundi mwenyewe. "Analipwa kila jioni, mwalimu. Yule anakula leo. Na wewe saruji ulikuwa unaleta lini?"

Nilirudi nyumbani nikafungua daftari. Nilikuwa nimeandika kila kitu, tarehe, mfuko, nondo, kila siku ambayo fundi hakuja, kwa nia ya kwenda nalo kwa mwenyekiti wa mtaa kumshtaki. Safari hii nilisoma safu ya saruji peke yake. Nilileta mifuko 10 mshahara ulipotoka. Ikaisha. Kisha zikafuata siku 17 bila hata mfuko mmoja, mpaka mshahara mwingine. Mwezi uliofuata vivyo hivyo, na uliofuata nao, wa ada za watoto, ilikuwa zaidi. Siku zote hizo alikuwa na vijana wawili wanaotaka kula jioni na saiti isiyo na kazi. Akachukua kazi kwa muuguzi. Kianzio cha muuguzi kikalipa vijana waliokuwa wananidai mimi bila mimi kujua. Muuguzi naye alipokwama, akachukua ya tatu. Kila nyumba ilikuwa inalipia iliyotangulia.

Sisemi kwamba alikuwa na haki. Saruji yangu aliichukua, na mirunda aliyoing'oa siku ya tatu ingeweza kumwangushia mtu boriti kichwani. Kwa hilo la mirunda nina uchungu naye mpaka leo. Lakini ndani ya daftari nililoliandika kwa mkono wangu ili nimshtaki, nusu ya kisa ilikuwa inanihusu, na sikuwahi kuisoma. Wala mapatano yetu hayakuwa na neno hata moja kuhusu siku ambazo vifaa havipo.

Basi tukaongeza tukio. Usiku, nyumbani kwa Fundi Kesho. Amerudi, amevua viatu, mkewe amemtengea ugali na michembe. Hodi. Saidia fundi wa kwanza anataka hela yake. Anamwambia, "Kesho asubuhi, mdogo wangu." Hodi. Wa pili. "Kesho asubuhi." Halafu mkewe, taratibu, bila kuinua macho, anamuuliza paa lao linalovuja litazibwa lini. Anakaa kimya. Mwenzangu wa Bagamoyo alimkataza kijana kujibu haraka. Hesabu mpaka tano moyoni, alimwambia, acha watu walijibu wao.

Siku ya onyesho tulitoka nje, chini ya miembe ya shule, kwa kuwa ukumbi hatuna. Jukwaa lilikuwa meza za darasa zilizofungwa kamba miguu kwa miguu. Walikuja wazazi, walikuja wa kutoka misikitini na makanisani, na nyuma kabisa, wamesimama na baiskeli zao, walikuja mafundi. Walikuwa wamesikia. Niliwaona nikaogopa.

Tukio la simu lilikwenda kama tulivyotaka. Mimi na yule mama wa chapati tumesimama bega kwa bega, fundi yuko upande wa pili wa jukwaa, anaongea na wote wawili kwa simu mbili, mkono huu na huu, na kwa kila mmoja anasema yuko kwa mwenzake. Kijana wa darasa la saba akapuliza honi ya treni kwa vuvuzela nyuma ya pazia. "Upo wapi, fundi?" "Hapo dukani, mama." Umati wote ukamjibu kwa sauti moja: "Kigoma, mwisho wa reli!" Hilo hatukulipanga. Yule muuguzi alikuwa mstari wa mbele, ameshika mbavu, anacheka mpaka anafuta macho, na nilikumbuka alivyolia chini ya mti kwa maneno hayo hayo.

Kisha nikatundika timazi, kile kipimo cha uzi kinachoonyesha kama ukuta umesimama wima. Kwenye kisa, Mama Subira amenunua timazi yake mwenyewe, anauning'iniza uzi kwenye ukuta wa katoni ambao tuliuinamisha makusudi. Lile dude la shaba likayumba, likayumba, likatulia mbali na ukuta. Watu walinyamaza kabisa. Sidhani kama nitasahau ukimya ule, watu zaidi ya mia mbili wanaangalia upana wa vidole vinne kati ya uzi na boksi. Wengi wao wana ukuta kama huo nyumbani.

Na ndani ya ukimya ule sauti ikatoka nyuma kwenye baiskeli: "Na saruji je? Mama, saruji ulileta lini?"

Baadhi walimzomea. Kijana wetu angeweza kupotea hapo, lakini alikuwa amelala na kuamka na mafundi kwa wiki nzima. Alimgeukia yule mtu, akamwinamia kama anavyoinamiwa mkubwa, akanigeukia mimi. "Mama Subira, umesikia. Saruji ulileta lini?" Nami nikamjibu, mbele ya wazazi wa wanafunzi wangu, kwa tarehe za daftari langu la kweli: tarehe tisa, halafu mwisho wa mwezi. Mafundi walipiga kengele za baiskeli. Wenye nyumba walicheka wakiangaliana. Tulibaki tumesimama muda mrefu, hatuwezi kuendelea, kila tukifungua mdomo kicheko kinaanza upya upande mwingine. Huku kwetu utani ndio hubeba neno zito likamfikia mtu bila kumvunjia heshima, na jioni ile niliona kazi hiyo ikifanyika pande zote mbili.

Harambee ilitupatia hela ya mbao za kenchi na misumari, na ahadi za mabati. Mafundi wanne wa zile baiskeli walijitolea siku mbili za kupaua, kwa sharti moja waliloliweka wazi mbele ya kamati: mbao, misumari na bati viwepo vyote saiti kabla hawajapanda ukutani. Kamati ilisubiri miezi miwili mpaka vikatimia. Wakaja siku waliyosema, saa moja asubuhi.

Fundi wangu wa kwanza sijaonana naye tena. Ukuta wa korido tuliubomoa na kuujenga upya. Kwa boriti ya kibaraza nilimwita yule mzee, na safari hii tuliandikiana: sehemu za kazi, malipo ya kila sehemu, na siku ambazo vifaa vikikosekana nitalipa posho ya saidia fundi au nitatoa taarifa siku tatu kabla ili wakatafute kwingine bila kunificha. Nilikusanya kila kitu kwanza. Ilinichukua mwaka. Nondo za milimita 16 chini, ringi zimefungwa kwa waya mbele yangu, zege likapimwa kwa ndoo na si kwa chepe: saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mzee alikataza maji yasiongezwe hata saidia fundi waliponung'unika kwamba ni gumu kukoroga.

Nililimwagilia asubuhi kabla ya kwenda shuleni na jioni nikirudi, nimelifunika kwa magunia. Siku ya 21 mzee alikuja na nyundo. Alinipa mimi nigonge wa kwanza. Tukaondoa mirunda mmoja mmoja, tukianzia katikati kwenda pembeni, na kila ukitoka tulisimama tukaangalia juu. Haikushuka.